Umeme wa Kasongo na Kabambare: sheria iko, nguzo iko wapi?

Ndugu vijana wa Kasongo na Kabambare, na nyinyi wenye mko Kindu, Bukavu ao Lubumbashi,

Katiba ya inchi yetu ya 2006, ibara ya 48, inasema wazi kwamba kupata maji safi na umeme ni haki. Si zawadi ya mkubwa, ni haki. Lakini jua likizama hapa kwetu, mwenye uwezo anawasha grupe yake kwa mazutu, mwingine anategemea sola ndogo juu ya bati, na wengi wetu tunatembea na tochi ya simu. Hata hiyo simu tumelipa mtu ili atuchajie.

Tarehe 17 Juni 2014 ilitoka sheria namba 14/011 juu ya umeme. Sheria hiyo njo ilimaliza enzi ya SNEL kuwa peke yake. Tangu hapo kampuni zingine nazo zinaweza kuomba ruhusa ya kutoa umeme na kuuuza. Mwaka 2016 zikaundwa ofisi mbili: ARE, ya kusimamia soko na bei, na ANSER, ya kupeleka umeme vijijini na pembeni ya miji. Hiyo sheria hatuikatai. Kwenye karatasi ni nzuri.

Shida ni hii: tunaambiwa mwenye kutoa umeme kidogo ataunganishwa kwenye mtandao. Mtandao gani? Ule mkubwa wa taifa haujafika Kasongo wala Kabambare. Na hata ukifika, unaweza kupita juu ya vichwa vyetu tu. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, kilometa zaidi ya 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Katanga. Vijiji vingi chini yake viko gizani mpaka leo. Hata hapa Maniema, maji ya Lutshurukuru kule Kalima yalifungwa kwa ajili ya machimbo ya bati, si kwa ajili ya mama mwenye kuzaa usiku.

Kwa hiyo sisi tunasema: tusingoje. Tuanze na mtandao mdogo wa hapa hapa, wa jua ao wa maji. Inawezekana. Matebe, kule Rutshuru, kituo cha maji cha megawati zaidi ya 13 kinafanya kazi tangu 2015. Goma, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020.

Lakini mwenye kuleta pesa atauliza swali moja, na yuko na haki: siku mtandao mkubwa utafika na bei yake, nguzo zangu zitakuwa za nani? Asipopata jibu, hatakuja, ao atakuja na bei kali ili arudishe pesa yake haraka. Na sisi njo tutalipa.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walishajibu. Tangu 2008 Tanzania iko na mkataba wa mfano kwa wenye kutoa umeme mdogo, usiozidi megawati 10. Mtandao wa TANESCO ukifika, mwenye mtambo anaweza kuiuzia umeme wake, ao kununua kwake kwa jumla na kuwagawia wateja wake. Mtambo wa maji wa Mwenga, wa megawati 4, unauzia TANESCO na unawasha pia vijiji vya jirani.

Kwa hiyo tunadai:

1. Bunge la Maniema litumie ibara ya 204 ya Katiba, yenye kuipa jimbo uwezo juu ya umeme wa mahitaji yake, na kupitisha sheria ya mitandao midogo.

2. Kila mkataba uandike mapema nini kitafanyika siku mtandao mkubwa utafika. Nguzo na waya ziwekwe kwa kipimo chenye kuweza kuunganishwa bila kubomoa.

3. Bei itangazwe kwa Kiswahili, mbele ya wakaaji, kabla ya sahihi.

4. ANSER ije kupima maji ya Luama na jua letu, na isome matokeo hapa, si Kinshasa peke yake.

Na sisi pia tujisemee ukweli. Umeme hauji bure. Siku utawaka, tusiibe waya, tusijiunganishe usiku, tulipe. Haki bila wajibu haidumu.

Leo tunakuomba kitu kimoja: soma ibara ya 48 na ya 204, halafu mfuate mbunge wa teritware yako. Muulize: sheria ya 2014 imeleta nguzo ngapi hapa? Andika jibu lake, uwasomee wenzako. Akija tena kuomba kura, tutamkumbusha.

Sheria tunayo. Sasa tunataka nguzo.