Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Kila inapotajwa fidia kwa wafanyakazi wa usafi, huibuka hoja ile ile: kampuni hizi ni changa, faida yao ni ndogo, na kuzitaka zichangie bima ya ajali kazini ni kuziua. Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, lakini ndani yake hamna huruma yoyote kwa anayeshika fagio.

Tufanye hesabu. Tanzania Bara, sheria ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango ikaanza kukusanywa 2015. Mwajiri binafsi alitozwa asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hakatwi chochote. Chukua kampuni ya usafi yenye watu 20, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mchango wa mwezi ni shilingi 30,000, yaani 1,500 kwa kila mtu. Kampuni inayouawa na 1,500 haikuwa hai.

Lakini kazi na ajira si mambo ya Muungano, na mfuko huo hauvuki bahari. Huku kwetu, Sheria Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa 2005, ilijengwa juu ya msingi kwamba kila mwajiri abebe mwenyewe dhima ya mfanyakazi wake aliyeumia. Hoteli kubwa yaweza kuibeba. Kampuni yenye ndoo kumi na zabuni moja haiwezi: zabuni ikimponyoka mwenye kampuni, aliyevunjika nyonga atamdai nani?

Na kuumia si jambo la kubuni. Ngazi iliyopigwa deki huteleza. Dawa ya klorini ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi inayounguza mapafu. Mfuko wa taka za hospitali waweza kuficha sindano iliyotumika.

Tazameni Michenzani. Majumba yale yalijengwa baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yakiwa ahadi ya maisha ya heshima kwa mnyonge. Jirani yake leo limesimama jengo la biashara la ZSSF, tunda la michango ya hifadhi ya jamii. Simnyooshei kidole mwenye jengo yeyote. Nauliza tu: katika mji wenye alama mbili kama hizi, anayesugua sakafu zake yumo ndani ya hifadhi hiyo, au amebaki mlangoni na ndoo yake?

Ndugu zangu watumishi wa umma, ninyi ndio mnaofungua bahasha za zabuni. Mnapochagua bei ya chini kabisa bila kuuliza imepatikanaje, gharama ya ajali haifutiki. Inahamia kwa mama anayeuza kuku wake ili mwanawe apigwe picha ya mguu.

Basi mchango wa fidia uandikwe katika zabuni kwa mstari wake, usioruhusiwa kushindaniwa, na asiyeuweka aondolewe. Uingie katika mfuko wa pamoja unaolipa hata kampuni ikifa. Ujerumani ilitunga sheria ya namna hii 1884. Sisi hatuwezi kusema bado mapema.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana wanaouona mwepesi hawajapata kuubeba.