Gari Kuukuu la Mwingereza na Dharau Yetu kwa Kazi ya Mikono

Pamezuka miongoni mwa wasomi wetu mazoea ya kucheka kila wanaposikia kwamba huko Uingereza yupo mwalimu mstaafu, au karani wa posta, anayeshinda Jumamosi nzima chini ya gari la mwaka 1965, nguo zimejaa grisi, akilifungua na kulifunga. Husema: huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Wengine, wenye ghadhabu zaidi, husema kwamba hiyo ni matanga ya dola iliyokufa. Mwingereza ameondokewa na makoloni yake, sasa analilia bati. Makala haya yanakusudia kuzipinga kauli zote mbili, ingawa ya pili ina chembe ya kweli ndani yake, na chembe hiyo tutaitazama.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Gari la michezo, kwa maana waikusudiayo Waingereza, si lazima liwe gari la mashindano. Ni gari dogo, la chini, la watu wawili, aghalabu lisilo na paa ila turubai la kukunjwa. MG, ambayo jina lake latokana na Morris Garages, gereji ya mji wa Oxford, iliyaunda magari yake Abingdon tangu mwaka 1929 hadi Oktoba 1980. Walikuwapo pia Triumph wa Coventry, Austin-Healey, Lotus, na Morgan wa Malvern. Na Jaguar aina ya E, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1961, ambayo hata asiyependa magari hugeuka kuitazama. Tusidhani kwamba yote yalikuwa mali adimu ya makabaila. MGB peke yake, kati ya mwaka 1962 na 1980, yaliundwa zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa ikavuka bahari kwenda Marekani. Lilikuwa gari la kijana mwenye mshahara wa kawaida.

Wala hayakuwa magari bora kupita mengine. Mvua huingia. Mafuta ya injini hudondoka sakafuni. Vyombo vya umeme vya Joseph Lucas wa Birmingham vilizima taa mara nyingi hata wenyewe Waingereza wakamtania Lucas kwa jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Kwa mwendo, gari la kawaida la familia linaloundwa leo laweza kuliacha MGB nyuma bila ya kutoa jasho. Na sisi wa Afrika ya Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Walioibuka washindi wa jumla katika miaka yake ishirini ya mwanzo ni Volkswagen, Mercedes, Peugeot, Ford, Datsun na wenzao. Gari dogo la wazi la Kiingereza halikushinda hata mara moja, ijapokuwa sherehe yenyewe ilikuwa ya malkia wao.

Basi, kama si ubora wala mwendo, mvuto watoka wapi?

Watoka katika jambo moja ambalo wacheshi wetu hawajalitazama: gari hilo linafunguka. Inua boneti la MGB, nawe utaona kila kitu mahali pake na kila kitu kikiwa na sababu. Pale kwenye distribiuta vimo vipande viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ili cheche ipatikane. Nafasi kati yake hupimwa kwa ubapa mwembamba wa chuma, kiasi cha inchi 0.015, na mwenye bisibisi moja huirekebisha kando ya barabara. Kabureta ni mbili, aina ya SU. Ndani ya kila moja mna bastola inayopanda kwa mvuto wa hewa, nayo hubeba sindano iliyochongoka. Kadiri sindano inavyopanda, ndivyo petroli inavyozidi kupita. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Ili kuzilinganisha, mwenye gari huchukua mpira mwembamba, akaweka ncha moja sikioni na ya pili kwenye kinywa cha kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa inayoingia. Kisha ya pili. Akageuza skrubu mpaka mivumo miwili iwe sawa. Mimi niliyezoea kuhesabu mizani nasema wazi kwamba naielewa furaha ya mtu huyo kuliko nielewavyo furaha ya anayenunua gari jipya.

Hiyo ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kutu. Magari ya namna ya MGB hayana chasisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na nguvu yake kubwa imo katika vizingiti viwili vipitavyo chini ya milango. Kizingiti kikioza, gari hulegea katikati, na mlango hukataa kufunga. Fundi mjinga hukata chuma kibovu mara moja na kuchomelea kipya; naye hugundua, baada ya gharama zote, kwamba gari limepinda na mlango hautafunga tena. Fundi mwenye akili hutangulia kuweka mhimili wa chuma katika uwazi wa mlango, akapima, akapima tena, ndipo akakata. Mwalimu wa jiometria atafute mfano ulio bora kuliko huo wa kumweleza mwanafunzi kwa nini pembetatu haipindi ilhali pembenne hupinda.

Linganisheni na gari la leo. Ukifungua boneti wakutana na kifuniko cha plastiki kilichoandikwa jina la kampuni. Injini inaongozwa na kompyuta, na gereji isiyo na mashine ya kusoma makosa yake haiwezi hata kujua ugonjwa. Sikatai kwamba gari hilo ni salama zaidi na hula petroli kidogo zaidi. Angekuwa mpumbavu anayekataa. Nasema kwamba mwenye nalo amefanywa mpangaji katika mali yake mwenyewe. Ameuziwa chombo, hakuuziwa elimu yake. Anayelitengeneza upya gari la mwaka 1965 anaikataa hali hiyo, walau siku ya Jumamosi, na kukataa huko kwastahili heshima ya watu waliopata kuimba juu ya kujitegemea.

Tena kuna jambo la kumbukumbu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo wasimulizi wa mvuto wa magari hulipita haraka wakikimbilia harufu ya ngozi na mng'aro wa magurudumu ya spoki. Mnamo Septemba 1979, mwezi ule ule ambao Abingdon ilikuwa ikisherehekea nusu karne ya MG katika mji huo, British Leyland, shirika lililokuwa mikononi mwa serikali tangu 1975, lilitangaza nia ya kusimamisha kazi ya kiwanda. Paundi ilikuwa imepanda thamani, na magari yaliyouzwa Marekani yalileta hasara. Watu waliandamana, haikufaa. Mwaka uliofuata milango ikafungwa. Kwa mantiki ya dukani, hadithi ingeishia hapo. Haikuishia. Michoro haikuchomwa moto. Vitabu vya mafundi viliendelea kupigwa chapa. Vyama vya wenye magari, kikiwamo kile kilichoanzishwa mwaka 1930, viliendelea kukutana na kuandikiana. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage, baada ya kuyakusanya mafumba ya zamani ya kukandamizia bati, ilianza kutoa bodi mpya kabisa za MGB, miaka minane baada ya gari hilo kwisha kuundwa. Na huko Gaydon, kwenye hifadhi ya jumba la makumbusho ya magari, mwenye gari akipeleka namba ya chasisi huweza kupewa hati inayomweleza siku gari lake lilipoundwa, rangi yake ya kwanza, namba ya injini, na soko lililokusudiwa. Haya yote yaliwezekana kwa sababu makarani wa kiwanda waliandika, na waliokuja baadaye hawakutupa. Sisi tuliokaa na majalada twajua thamani ya karani wa namna hiyo, na twajua pia jinsi alivyo nadra.

Sasa turudi kwenye ile chembe ya kweli. Hapana shaka kwamba wapo wanaonunua MG ili kununua pamoja nayo utoto wa baba zao na ramani iliyopakwa rangi nyekundu. Bendera hubandikwa kwenye boneti, kofia za kale huvaliwa. Lakini gari lenyewe linawasuta. Chukueni MG TC, iliyoundwa kati ya 1945 na 1949, ambayo wengi huiona kuwa Uingereza yenyewe juu ya magurudumu manne. Bolti za injini yake zina nyuzi za kipimo cha milimita, kwa kuwa kiwanda cha injini cha Coventry kilikuwa cha kampuni ya Hotchkiss ya Ufaransa kabla ya Morris kukinunua mwaka 1923; ila vichwa vya bolti vilifanywa kwa kipimo cha Kiingereza, ili spana za wenyeji zipate kushika. Huyo ndiye Mwingereza safi: ukimfungua wamkuta Mfaransa ndani. Na majina yenyewe yako wapi leo? MG imo mikononi mwa kampuni ya Kichina, Jaguar ni ya Tata ya India tangu mwaka 2008, Lotus iko chini ya Geely ya China. Alama ya biashara imekwenda, dola imekwenda. Kilichobaki kwa mwalimu mstaafu ni ile elimu iliyo vidoleni mwake, nayo hakumnyang'anya mtu yeyote ili aipate.

Yuko mwingine ambaye simtetei hata kidogo. Ni yule tajiri anayenunua Jaguar aina ya E kama anunuavyo dhahabu, akalifungia ghalani penye hewa iliyopozwa, akingoja bei ipande. Hajui kizingiti wala kabureta. Yeye na gari lake hawajuani, na laiti fundi wake angeandikiwa jina kwenye kibao cha maonyesho badala yake.

Ndugu walimu, swali linatuhusu vipi? Watu wetu husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wengi hulitaja neno hilo kana kwamba ni ruhusa, ilhali ni onyo. Tunapoandika juu ya utamaduni wa taifa twaandika juu ya ngoma, mavazi, hadithi na milango ya nakshi, na sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ilifanya vema kuikumbuka hata hiyo milango. Lakini fundi wa gereji tumemwacha nje ya uwanja huo. Tumemhesabu kuwa mtu aliyefeli shule. Elimu yake haimo katika kitabu chochote cha shule, na maneno yake, ambayo ni Kiswahili kilichozaliwa kazini, hatuyaingizi katika kamusi mpaka yachujwe na watu ambao hawajapata kushika spana. Akifa, hufa nayo yote. Tofauti yetu na Abingdon haiko katika bati wala katika fedha. Kalamu ni rahisi kuliko kabureta.

Wako watakaonijibu kwamba sisi hatukuunda magari, basi hatuna cha kuhifadhi. Si kweli. Morgan wa Malvern husifiwa duniani kwa kuwa mpaka leo magari yake ya magurudumu manne hujengewa fremu ya bodi kwa mbao za mti wa Ulaya uitwao eshi. Watalii hulipa kiingilio kwenda kuwatazama maseremala hao. Nasi Unguja tulikuwa na magari ya abiria ambayo bodi zake nzima, nguzo, paa na mabenchi, zilijengwa kwa mbao na maseremala wa hapa hapa, juu ya chasisi za malori. Ni nani katika sisi aliyeingia karakana ile na daftari? Mwalimu wa kidato cha pili, akiwa na wanafunzi wanane na futi ya kupimia, aweza kuianza kazi hiyo muhula ujao: kila boriti ilikuwa na urefu gani, ilikuwa ya mti gani, iliungwa kwa msumari au kwa bolti, na kila kiungo fundi alikiita kwa jina gani.