Pimeni makalavati mvua ikinyesha

Mkaguzi wa barabara huja kiangazi. Samaki hupita wakati wa mvua. Ndiyo maana hawajawahi kukutana, na ndiyo maana kila mwaka tunaandikiwa ripoti zinazosema kalavati ni zima wakati samaki wanagonga vichwa chini yake.

Mvua zinapoanza, samaki aina ya ningu hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito: Kagera, Mara, Mori, Simiyu, na kwa wenzetu wa Kenya Nzoia, Yala na Sondu-Miriu. Haishii kwenye mto mkubwa. Huingia vijito na mbuga zilizofurika, hutaga huko, kisha hurudi ziwani maji yanapoanza kupungua, na makinda hufuata baadaye. Kuyu, gogogo, nembe, domodomo na kambare nao wana safari zao mtoni. Safari hizo zina siku zake. Mafuriko yakishapita, nafasi imepita, na samaki aliyekwama chini ya barabara hatangoja mwezi mwingine ili ajaribu tena.

Kinachomkwamisha kinaonekana kwa macho. Kalavati likiwekwa jembamba kuliko kijito, maji yote hubanwa humo na kutoka upande wa pili kwa kasi. Kasi hiyo huchimba shimo mdomoni. Masika ya kwanza shimo ni dogo, ya tatu au ya nne bomba linabaki linaning'inia, na maji yanaporomoka kutoka juu. Kumtaka samaki apande hapo ni kama kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ambayo kizingiti chake kiko usawa wa kifua.

Hata bomba lisiloning'inia linaweza kuzuia. Ndani ya zege laini hakuna jiwe wala gogo la kujibanza nyuma yake apumzike. Samaki lazima aogelee bila kusita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Mvua ikiwa kubwa, kasi inamrudisha. Mvua ikikatika, maji hutandaa juu ya sakafu ya zege kwa kina cha vidole viwili, na ningu mwenye mayai hawezi kuogelea huku mgongo ukiwa nje.

Sasa fikiria mkaguzi anayefika hapo Agosti. Anakuta bomba kavu, zege halina ufa, kuta zimesimama. Anaweka alama ya vyema na kupanda gari. Hajadanganya. Amekagua kazi moja tu ya kalavati, ile ya kupitisha magari juu na maji chini. Kupitisha samaki hakumo kwenye fomu yake, na hata kungekuwamo, Agosti hakuna samaki wa kumwonyesha.

Kazi tunayoidai inataka kwenda mara mbili. Kiangazi, teremka mtoni na futikamba na pimamaji. Pima upana wa kijito juu kidogo ya barabara, mahali ambapo kalavati halijaathiri kingo. Pima upana wa bomba, urefu wake na mteremko wake. Pima kimo kutoka mdomo wa chini hadi usawa wa maji au hadi sakafu ya mto. Piga picha pande zote mbili na uandike mahali ulipo kwa simu yako. Mvua zikianza, rudi. Tupa kijiti mdomo wa juu uhesabu sekunde hadi kitokee chini. Gawa urefu wa bomba kwa sekunde hizo, umepata kasi ya maji. Angalia kina. Angalia kama samaki wanarundikana shimoni.

Halafu uliza watu. Kijiji kilicho kando ya mto kinajua ni kalavati lipi watoto hulikimbilia na vikapu mvua za kwanza zinaponyesha. Wanalikimbilia kwa sababu samaki wamekwama hapo. Mhandisi anayetaka orodha ya vizuizi katika wilaya yake angeweza kuanza kwa kuketi na wazee wa kijiji na vijana wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi (BMU) kwa saa moja, kabla hajafungua kompyuta.

Hakuna jambo jipya katika haya. Jimbo la Washington nchini Marekani lina mwongozo mzima wa kupima makalavati kwa namna hii. Maji yakianguka sentimita 24 au zaidi mdomoni mwa kalavati, hicho ni kizuizi. Bomba lisilo na mchanga na mawe ya mto ndani yake, likiwa na mteremko wa asilimia 1 au zaidi, nalo huhesabiwa kizuizi. Na vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya salmoni na trauti, samaki wanaosifika kwa kuruka. Samaki wetu wadogo watahitaji kipimo kikali zaidi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ndiyo ya kukiweka.

Washington pia inatufundisha gharama ya kuchelewa. Makabila ya wenyeji wa huko yalihakikishiwa haki ya kuvua katika mikataba ya miaka ya 1850. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo maana yake ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Lakini nusu ya samaki wasiokuwepo ni nini? Mwaka 2001 makabila 21 yalirudi mahakamani, safari hii kwa ajili ya makalavati ya barabara za jimbo yaliyofunga mito. Mwaka 2013 jaji aliamuru yarekebishwe. Jimbo likakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Juni 2018 majaji wakagawanyika nne kwa nne, kwa hiyo amri ikabaki palepale. Miaka 17 ya kubishana. Muda wa mwisho ni 2030, na bili inahesabiwa kwa mabilioni ya dola, kwa kuwa makalavati yaliyowekwa vibaya yanafukuliwa chini ya barabara kuu zenye lami na magari usiku na mchana.

Sisi barabara zetu nyingi za vijijini bado ni za changarawe na udongo. Makalavati mengi hayajawekwa bado, na mengi yaliyopo yatabadilishwa. Kuyaweka sawa leo ni rahisi kuliko itakavyokuwa baadaye.

Tunajua majibu tutakayopewa, maana yamezoeleka.

La kwanza ni kwamba vijito hivi ni vidogo, na kwamba kama ni suala la samaki basi tuzungumzie mabwawa makubwa. Mabwawa makubwa yazungumziwe, naam, lakini angalau hayo hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na yana majina. Ulaya watafiti walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 2,700 kando ya mito 147 kuhesabu vizuizi, wakalinganisha na orodha za serikali. Matokeo yao yalitoka mwaka 2020 katika jarida la Nature: nchi 36 zina vizuizi visivyopungua milioni 1.2, na asilimia 68 ni vifupi kuliko mita mbili. Vingi havikuwa kwenye orodha yoyote. Nchi zenye ramani za kila kitu hazikujua kilichomo mitoni mwao hadi watu walipovaa mabuti wakaenda kutazama. Sisi tunajuaje kwamba vijito vyetu ni salama?

La pili ni lile la kurushiana mpira. Wa barabara husema samaki si kazi yao. Wa uvuvi husema barabara si kazi yao. Bodi ya maji ya bonde husema inashughulikia vibali vya maji. Kila mmoja ana haki kwa sheria yake, na samaki yuko katikati. Ofisi za barabara na za uvuvi ziko mji mmoja wa wilaya, na mara nyingi maofisa wake wanakula mgahawa mmoja. Fomu ya ukaguzi wa kalavati ikiongezewa mistari mitano, na afisa uvuvi akipanda gari lilelile la mhandisi siku moja ya masika, ubishi umekwisha.

La tatu ni fedha. Futikamba ni bei ya mlo. Watu wa kupima wapo: Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una vyuo Nyegezi na Gabimori, ukandani mwa ziwa, vyenye wanafunzi wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Huko Marekani kazi hii hufanywa sana na vijana wa ajira ya msimu, wawili wawili, kijito baada ya kijito. Vijana wetu wanaweza kuifanya vizuri zaidi, kwa sababu wengi wao wamekulia kwenye vijito hivyohivyo.

Na tuseme ukweli kuhusu ningu: kalavati silo lililomwangusha kwanza. Nyavu za makila zilifika Ziwa Victoria mwaka 1905. Baadaye zikatandazwa midomoni mwa mito, msimu uleule ambao samaki wanapanda na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1960 watafiti walikuwa wakiandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, samaki aliyekuwa akilisha vijiji vizima kando ya mito. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Nyavu za midomoni bado zipo na lazima ziondolewe. Hilo tumelisema na tutaendelea kulisema. Lakini doria ikifanikiwa kuwavusha ningu kwenye mdomo wa mto, na kilomita tano mbele wakakuta bomba linaning'inia, tumefanya doria ya bure.

Dawa ya kalavati baya inajulikana na haina maajabu. Bomba au boksi lishushwe chini ya usawa wa sakafu ya mto, mchanga na changarawe vijae ndani yake, ili samaki apite juu ya udongo aliouzoea. Liwe na upana wa kijito, lisiwe jembamba. Liwekwe kwa mteremko wa kijito chenyewe. Pale ambapo bomba limeshaning'inia na fedha ya kulibadilisha haijapatikana, mawe yakipangwa vizuri chini yake kwa ngazi fupifupi yanaweza kupandisha maji hadi mdomoni. Hiyo ni nafuu ya muda, mafuriko makubwa yatayasogeza mawe, lakini ni afadhali kuliko ukuta.

Bora kuliko yote ni kuacha sakafu ya mto kama ilivyo, na hapa hatuhitaji kufundishwa na mgeni. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamekuwa wakijenga madaraja ya mawe, Kigoma na mikoa mingine, na wao wenyewe wanasema ni nafuu kuliko ya zege. Tao la mawe likiruka kijito kwa upana wake wote, bila zege kumwagwa chini, kijito hakijui kama kuna barabara. Mafundi wapo, mawe yapo. Kilichobaki ni kuamua kwamba kwenye kijito cha samaki, tao ndilo chaguo la kwanza.

Anayejali barabara tu na hana haja na samaki naye asikilize. Kalavati jembamba linalochimba shimo mdomoni ndilo hilohilo linalosombwa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hadi 2024 zilikata barabara nyingi Tanzania na Kenya, na kila mtu aliona maji yakipita juu ya tuta kwa sababu bomba chini halikutosha. Mwaka 2011 kimbunga Irene kilipofurisha mito ya Vermont, Marekani, makalavati yaliyokuwa yamejengwa kwa upana wa kijito katika msitu wa Green Mountain yalisimama, wakati mengi ya namna ya zamani yaliharibika. Baada ya mvua zetu za El Niño, mabomba mangapi yalirudishwa kwa kipenyo kilekile, mahali palepale, kwa sababu ndicho kilichokuwa stoo?

Jambo moja zaidi kwa watakaopanga kazi: anzieni ziwani. Kalavati la karibu na mdomo wa mto likifunga, kufungua matatu ya juu hakumsaidii samaki yeyote anayetoka ziwani. Orodha ipangwe kwa kufuata safari ya samaki, kutoka chini kwenda juu, na fedha ifuate mpangilio huohuo hata kama barabara ya juu ndiyo inayopita mbele ya ofisi za wakubwa.

Mto Mori unatosha kuanzia. Unaingia ziwani Rorya, si mrefu, na chuo cha Gabimori kiko wilaya hiyohiyo. Vuli huanza Oktoba. Mkurugenzi wa halmashauri akimwandikia mkuu wa chuo, meneja wa TARURA wa wilaya na afisa uvuvi wake barua moja, vipimo vya kiangazi vinaweza kuwa tayari kabla ya tone la kwanza, na vijana wakawa kwenye vivuko vyote siku maji yanapopanda. Barua hiyo inaandikwa asubuhi moja. Iandikwe wiki hii.