Kebo ikifika Kalemie, je, mega zitashuka bei?

Reli ya kati ilifika Kigoma, upande wa Tanzania, mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya upande wa Kongo ikafika Kalemie, wakati huo Albertville. Kwa zaidi ya miaka mia moja bidhaa zimekuwa zikivuka Ziwa Tanganyika na kupanda mabehewa kuelekea Kabalo, lakini vijiji vingi vilivyo kando ya reli hiyo havina hata umeme. Historia hiyo inafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba intaneti nayo inakuja kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2022 shirika la mawasiliano la Tanzania, TTCL, lilitia saini na kampuni ya BCS mkataba wa kupitisha kebo chini ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi Kalemie. Ni mpango wa maana, kwa sababu kuvuka ziwa hadi Kigoma, kisha kwenda kwenye kebo za bahari zinazotua Dar es Salaam, ni safari fupi mno ukilinganisha na kukata Kongo nzima hadi Muanda kwenye Atlantiki. Ila njia kupita mjini ni jambo moja, na mji kuhudumiwa ni jambo lingine. Hoja yangu ni kwamba fedha za umma zinazotengwa kwa ajili ya intaneti zisitolewe kwa kuhesabu kebo na minara peke yake. Zifungwe kwenye bei ambayo mwananchi wa kawaida ataweza kuilipa.

Bei hiyo inajulikana. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Pato la wastani la Mkongomani ni kama dola 650 kwa mwaka, yaani hazifiki 55 kwa mwezi, na asilimia 2 yake ni dola moja hivi. Hata hiyo dola moja ni ukarimu wa hesabu, kwa kuwa wastani unawachanganya wenye migodi na wauza ndakala wa pwani ya ziwa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 karibu robo tatu ya Wakongomani waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Mtu wa kipato hicho hanunui mega za mwezi mzima. Ananunua za siku moja au za saa chache, na kila mega moja inamgharimu zaidi kuliko yule mwenye uwezo wa kulipa kwa mkupuo. Maskini ndiye anayelipa bei ya juu kabisa, na hakuna mnara mpya utakaobadilisha hilo wenyewe.

Serikali ya Kinshasa yenyewe imewahi kuongeza mzigo huo. Kodi ya RAM, iliyoanza mwaka 2020, ilikata dola 7 kwa mwaka kwa kila simu ya kisasa na dola 1 kwa simu ndogo, moja kwa moja kwenye uniti za mteja. Kwa hesabu ya hapo juu, dola 7 ni intaneti ya miezi saba. Watu walilalamika, wabunge wakamhoji waziri, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Kwa hiyo anayesema mfuko wa serikali utaliwa tu ana sababu ya kusema hivyo. Hata hivyo sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 imekwisha kuweka mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, na fedha zake zitatumika kwa namna moja au nyingine. Tukinyamaza kwa sababu ya RAM, tutakuwa tumewaachia uwanja walewale tunaowashuku.

Tanzania ina mfuko wa namna hiyo, UCSAF. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata ambazo mawasiliano yake yalikuwa hafifu au hayapo. Kilicho kizuri hapo ni kwamba kampuni zinashindania ruzuku, na maeneo yanajulikana mapema, kwa hiyo mtu wa kata fulani anaweza kuuliza mnara wake uko wapi. Kwa Kalemie ingefaa kuongeza masharti mawili: mnara uliojengwa kwa fedha ya mfuko uwe wazi kwa kampuni zote kwa masharti yale yale, na bei ya kifurushi cha kuanzia iandikwe ndani ya mkataba. Kampuni ikikataa, isipewe ruzuku.

Kampuni zitajibu kwamba bei ya juu si uroho. Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye mitambo iliyojengwa enzi za Wabelgiji, na nje ya mji shirika la umeme, SNEL, halifiki kabisa. Mnara unaendeshwa kwa mazuti inayosafirishwa kwenye barabara ambazo masika huzikata. Juu ya hayo kuna msururu wa kodi. Jibu hilo lina ukweli, na ndiyo maana masharti ya bei yaende pamoja na unafuu wa kodi kwa vifaa vya jua. Vodacom na Orange wenyewe walitangaza mwaka 2025 mpango wa pamoja wa minara 2,000 ya nguvu za jua vijijini. Kampuni mbili zinazoshindana kila siku zimekubali kugawana minara. Basi sharti la kuifanya ya wote si ndoto ya mwandishi wa gazeti.

Wengine wanaona intaneti ya satelaiti ya Starlink imemaliza mjadala. Mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipiga marufuku Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Kwa hospitali au mfanyabiashara wa bandarini ni msaada mkubwa. Lakini kifaa chake na malipo ya kila mwezi havilingani na mfuko wa mtu wa Nyunzu, na mkataba wake wa nyumbani haumruhusu mteja kuwauzia majirani. Satelaiti itawafaa wengi pale tu ushirika, shule au parokia itakapopewa ruhusa rahisi ya kuigawa. Jambo hilo limejaribiwa humu humu mashariki mwa Kongo: katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, kulianzishwa mtandao wa wenyeji, Pamoja Net, bila kungoja kampuni kubwa ione faida. Leseni ndogo ya namna hiyo haigharimu serikali karibu chochote, na sioni sababu ya mtu wa Moba kuifuata Kinshasa.

Inabaki hoja nzito kuliko zote: watu wanahitaji amani, chakula na barabara kwanza. Nani atabisha? Mapema mwaka 2025 familia zilizokimbia vita Kivu Kusini zilishuka Kalemie kutoka kwenye mitumbwi. Mtu wa aina hiyo hutafuta ndugu zake kwa simu, na msaada wa fedha mara nyingi humfikia kwa simu vilevile. Uvuvi uliposimamishwa ziwa zima kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi nne, mvuvi asiye na mawasiliano alitegemea uvumi. Intaneti haishindani na barabara kwa fungu moja la bajeti, maana fedha ya FDSU inatokana na michango ya kampuni za simu na haiwezi kununua lami.

Bunge la jimbo la Tanganyika, hapa Kalemie, halina mamlaka ya kupanga bei ya mega, lakini linaweza kuuliza. Liitake FDSU itaje imekusanya kiasi gani, ni sehemu zipi za Kabalo, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu zimo kwenye orodha yake, na kifurushi cha kuanzia kitauzwa franka ngapi za Kongo siku mnara utakapowashwa. Majibu yabandikwe mlangoni pa kila teritori kabla fedha haijatoka.