BUSTANI ZA NAIROBI NA KALAMU YA KARANI



Imekuwa desturi yetu katika karatasi hizi kusema juu ya mishahara, nyumba, likizo na malipo ya uzeeni, na mambo hayo hatutayaacha. Lakini mara hii twaomba ruhusa kuweka mbele yenu habari ambayo huenda wengine wakaidhania kuwa ni ya watu wenye nafasi, nayo ni habari ya bustani za umma katika mji wa Nairobi. Sisi twaona ni habari yetu hasa. Tajiri ana majani mbele ya nyumba yake na mtu wa kuyakata. Karani mwenye chumba kimoja na watoto wanne hana mahali pa kuwapeleka Jumapili illa pale palipo pa watu wote. Tena liko jambo la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kabla shoka halijaugusa mti wa bustani ya umma, karatasi huwa imekwisha kuandikwa, kupigwa mhuri na kutiwa katika faili, na karatasi hiyo imepita mikononi mwa watu wa kazi yetu.

Na tuanze na mambo ya zamani, kwani vijana wetu wengi huzipita bustani hizi wasijue zilitoka wapi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali pa maji baridi ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe. Mwaka 1907 ilianzishwa Arboretum, shamba la miti ya kigeni, ili ijulikane ni miti gani ikuayo upesi na kufaa kuwa kuni za gari la moshi. Basi mahali ambapo leo watu huenda kusoma vitabu na kuomba chini ya vivuli palianza kwa haja ya kuni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1906, Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara mzaliwa wa Karachi aliyeletea Reli vibarua kutoka Bara Hindi, aliwapa watu wa mji bustani iitwayo kwa jina lake hata leo, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu hiyo ilikatwa kichwa na kuangushwa mwaka 2015, na kila mtu aweza kuwa na shauri lake juu ya jambo hilo. Bustani ingali ipo. Mwenye kufanya kazi katikati ya mji aijua vema saa saba ya mchana pale: mhubiri huku, wabishani wa siasa kule, ambao mkutano wao wameuita Bunge la Mwananchi, na kati yao makarani waliolala kifudifudi juu ya majani, wengine kwa kuwa wameshiba na wengine kwa kuwa hawakula. Hatuoni haya kulitaja jambo hilo. Wako wenzetu wengi ambao tangu tarehe 20 ya mwezi hadi mwisho wake hula kivuli cha Jeevanjee.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Wengi wetu tuliokuja mjini kutoka mashambani tulipigwa picha yetu ya kwanza pale, tumesimama wima kama askari, ziwa na mashua nyuma yetu, tukaipeleka nyumbani ili wazazi wajue kwamba twaendelea. City Park, upande wa Parklands, ina kumbukumbu za namna nyingine. Katika makaburi yake amezikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965, na karibu naye amezikwa rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais, aliyefariki mwaka 1990. Hata hivyo sehemu za bustani hiyo zilikatwa na kugawiwa watu, na makaburi ya watu wakubwa kama hao hayakuzuia.

Upande wa mashariki, wanakokaa wengi wetu, bustani za maua ni chache sana. Mji ulipangwa kwa rangi za watu, na vivuli pia vikagawanywa kwa rangi; mtu akitazama ramani ya leo ataona jinsi majani mengi yalivyobaki magharibi. Twapaswa hata hivyo kuutaja uwanja wa Kamukunji. Hauna maua, na vumbi lake twalijua, lakini ndipo watu walipokutania kudai haki zao, na ndipo mkutano wa Saba Saba wa mwaka 1990 ulipokuwa ufanyike, Serikali ikaukataza. Jina lake limekuwa neno katika lugha: hata Wabunge wakutanapo faraghani husema wana kamukunji. Uwanja uliozaa neno usihesabiwe kuwa kiwanja kitupu kingojacho mwenyewe.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe, nalo laonekana wazi katika habari za mwaka 1989. Katika mwaka huo ilijulikana kwamba jengo la orofa 60 litasimamishwa ndani ya Uhuru Park kwa ajili ya shirika la gazeti la chama kilichotawala, pamoja na sanamu kubwa ya Rais wa wakati ule. Bibi Wangari Maathai aliposikia, hakukimbilia rungu. Aliandika barua. Aliwaandikia wakuu wa shirika, na afisi ya Rais, na wasimamizi wa jiji, na wengine wa ndani na wa nje, akiuliza habari za jengo hilo na akieleza kwa nini lisijengwe katika bustani ya watu wote. Baadhi ya Wabunge, badala ya kujibu hoja, walitaja habari za ndoa yake. Shirika lake la Green Belt likaamriwa kutoka katika nyumba ya Serikali lililokuwa likiitumia. Akaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikamwambia kwamba hana haki ya kushitaki, maana hakuonyesha hasara iliyompata yeye mwenyewe zaidi ya watu wengine.

Wanachama waitafakari hukumu hiyo. Maana yake ni kwamba kitu kilicho cha wote hakina mtu wa kukitetea, kwa sababu ni cha wote. Hapana mwizi aliyepata kuomba kanuni nzuri kuliko hiyo.

Lakini kelele ilikwisha kufika mbali. Waliokuwa watoe fedha wakarudi nyuma, jengo likaachwa, na mwaka 1992 ua uliozungushwa ukaondolewa. Mwezi Februari wa mwaka uo huo akina mama wa wafungwa wa siasa wakakaa katika pembe ya bustani hiyo, wakafunga kula, wakidai wana wao wafunguliwe. Polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo karibu, wakakaa huko muda wa kama mwaka mmoja, hata wafungwa wengi wakaachiliwa. Pembe ile huitwa Freedom Corner. Na tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani iyo hiyo, Rais Mwai Kibaki alitia sahihi Katiba mpya mbele ya umati. Lau lile jengo la orofa 60 lingalisimama, hayo yote yangalifanyikia wapi?

Lakini mbona twawasimulia makarani habari hizi, ambazo wengi wazijua? Ni kwa sababu katika masimulizi hayo watu hutajwa wawili tu, mkubwa aliyetaka kutwaa na mtetezi aliyezuia, na yule aliye kati yao hatajwi kamwe. Ardhi ya umma haihami kwa neno la mkubwa peke yake. Hutangulia barua ya maombi, na juu ya barua hiyo mtu huandika neno la kukubali. Kisha huchorwa ramani ya mpango, ikaandikwa barua ya kumpa mtu kiwanja, akaja mpima, ikatolewa ramani ya hati, na mwisho hati yenyewe ikaandikishwa. Katika kila hatua yuko mtu aliyeketi mezani, ambaye mbele yake ana faili isemayo waziwazi kwamba kiwanja hiki kimewekwa kwa matumizi ya umma. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Mara nyingi ndiye peke yake ajuaye kwa muda wa miezi mingi.

Tume ya Bwana Paul Ndung'u, iliyowekwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zisizo halali zilizotolewa tangu mwaka 1962 hadi 2002 zilikuwa yapata 200,000. Taarifa hiyo haikuwalaumu wanasiasa tu. Ililaumu pia maafisa wa ardhi, wapima, mawakili na wataalamu wengine. Ilieleza jinsi barua za kupewa viwanja zilivyouzwa kutoka mkono hadi mkono kama samaki sokoni, hata anayejenga mwisho akaweza kusema kwamba alinunua kwa haki. Hati 200,000, ndugu zetu, hazikuandikwa na mtu mmoja usiku mmoja. Ziliandikwa saa za kazi, kwa wino wa Serikali.

Twajua jibu litakalotolewa, kwani tumelisikia katika mikutano yetu wenyewe: karani ni mkono, naye si kichwa, aliyekula kiapo cha utii afanye aambiwalo, mwenye kupinga atahamishwa Mandera, na watoto wake watafukuzwa shule kwa kukosa karo. Hatulidharau jibu hili. Wako waliohamishwa. Wako waliokaa miaka kumi bila kupandishwa cheo kwa sababu ya faili moja waliyokataa kuipitisha, na hakuna bustani iliyopewa majina yao. Katika miaka ya nyuma mtu wa namna hiyo hakuwa na pa kushika.

Leo anapo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 236, yakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kuwa ametimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara, na hivyo ile hukumu ya mwaka 1989 imeng'olewa mzizi. Kifungu cha 40 chasema ulinzi wa mali haumfai aliyeipata kinyume cha sheria. Kifungu cha 35, pamoja na sheria ya mwaka 2016, champa raia haki ya kuomba habari zilizomo katika afisi zetu. Hatusemi kwamba maneno haya yanatosha. Maneno mazuri yaliyokaa kabatini hayamtishi mtu. Twasema tu kwamba mwanachama atakayeonewa kwa kukataa kuificha faili ya bustani ana haki ya kuja kwetu, nasi tuna wajibu wa kumsimamia na kumlipia wakili kutoka katika mfuko wa Chama. Kama hatuko tayari kwa hilo, basi tusimwambie awe shujaa.

Liko jambo jingine linalotusumbua. Mwaka 2021 Uhuru Park na Central Park zilifungwa kwa ajili ya kutengenezwa upya, na watu wakakaa nje ya ua muda mrefu wakichungulia. Hatupingi matengenezo, vyoo vya zamani kila mtu avijua. Tunachopinga ni desturi ya kufunga kwanza na kueleza baadaye. Bustani iliyofungwa miaka miwili hupoteza watu wake: mpiga picha huenda kutafuta kazi nyingine, wazee wa drafti huhama, na mtoto aliyekuwa na miaka sita huwa na minane asijue kwamba pale ni pake. Vilevile lango lenye mlinzi aulizaye maswali humtisha maskini kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo twaleta mashauri haya mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, Chama kiombe kwa maandishi, chini ya sheria ya mwaka 2016, orodha ya bustani na viwanja vyote vya umma katika Nairobi, pamoja na ukubwa wa kila kimoja na namba ya ramani yake, na orodha hiyo ipigwe chapa katika karatasi hizi ili nakala ziwe nyingi. Kwani faili moja huweza kupotea, lakini nakala mia tano zilizotawanyika majumbani si rahisi kuzipoteza. Viwanja vya Eastlands viwe vya kwanza katika orodha, maana vitu vidogo visivyo na maua ndivyo vitwaliwavyo bila kelele.

Tena twawaomba wazee wetu waliostaafu, hasa waliofanya kazi katika idara za ardhi, upimaji na bustani za jiji, watuandikie wakumbukayo: mpaka ulipita wapi, mti gani ulipandwa na nani, kiwanja gani kilikuwa cha mpira kabla ya kuota maduka. Barua zipelekwe kwa Katibu. Mzee ambaye mkono wake umechoka, au macho yake hayaoni vema, atuarifu tu mahali anapokaa, na mwanachama aliye karibu naye atakwenda na daftari Jumamosi alasiri kumwandikia.