Dawa Nazo Zina Hitilafu, Ila Nani Anaripoti?

Leo naweka kompyuta kando kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona sikwenda mbali.

Cucu wangu anaishi nje kidogo ya Runyenjes. Anatumia simvastatin, dawa ya kupunguza kolesteroli, na imemfaa. Mwaka jana alishikwa na kikohozi kizito, akauziwa erythromycin kwenye duka la dawa. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Siku chache baadaye mapaja yalimuuma hata kuinuka kitini kukawa taabu. Sote tukasema ni uzee, tena ni msimu wa kuchuma kahawa. Kumbe erythromycin huzuia ini kuivunja simvastatin, ikajaa mwilini na kuumiza misuli. Daktari ndiye aliyegundua, akasimamisha zote mbili, na cucu akapona.

Sisi waandika programu twaijua hadithi hii. Programu mbili, kila moja peke yake haina neno. Ziwashe pamoja, mashine inakwama. Huwezi kujaribu kila mchanganyiko kabla ya kutoa toleo. Hata dawa ikijaribiwa kwa watu 3,000 na dhara fulani lisionekane kamwe, bado huenda linampata mtu 1 kati ya 1,000. Hitilafu nyingine huonekana sokoni tu.

Mfano ni cerivastatin ya kampuni ya Bayer, nayo ya kolesteroli. Iliondolewa sokoni Agosti 2001 kwa sababu ya kuharibu misuli vibaya. Marekani pekee vilikuwa vimeripotiwa vifo 31, na 12 kati yao walikuwa wakitumia pia gemfibrozil. Mchanganyiko tena! Iligunduliwa kwa sababu kuna watu walioandika ripoti.

Je, kwetu hakuna pa kuripoti? Papo. Bodi ya Famasia na Sumu ilianzisha mfumo wa kitaifa mwaka 2009, na mwaka 2010 Kenya ikajiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani, ambao ripoti zake hukusanywa Uppsala, Uswidi. Siku hizi unaweza kuripoti kwa intaneti, hata kama wewe si daktari. Huhitaji ushahidi, kushuku kunatosha.

Basi ripoti ya cucu iko wapi? Haipo. Duka halikuandika, daktari hakuandika, na mimi, ninayenung'unika kila siku kwamba watumiaji hawaniambii programu zangu zikiharibika, sikuandika. Kwa hesabu za Uppsala, mapaja ya cucu hayakuuma kamwe.

Maoni yangu ni haya: mfumo mzuri usiopata ripoti ni mashine tu inayokula umeme. Kila duka la dawa liulize, "Unatumia dawa gani nyingine?" Nasi tukiona jambo geni tusiseme ni uzee tu. Usiache dawa kiholela, kwani zinaokoa maisha. Muone daktari, kisha ripoti iandikwe.

Yangu naituma leo usiku. Imechelewa, lakini itahesabiwa.