Alisomea Kilimo, Akalima: Kosa Liko Wapi?

Mhubiri mmoja aliniudhi Jumamosi iliyopita, na sitanyamaza eti kwa sababu alikuwa ameshika Biblia. Tulikuwa Kabazi kumzika mwenzetu tuliyesoma naye Egerton, kule Njoro, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhubiri akasimama kando ya jeneza, mjane na watoto wakimtazama, akasema marehemu alibahatika kusoma kuliko wengi, lakini maisha hayakumwendea vizuri, akarudi kulima. Kisha akatugeukia sisi wenzake wa chuo tuliokaa mbele chini ya hema, akawaambia vijana watutazame tulivyofika mbali. Na wenzangu wakaitikia amina.

Amina ya nini? Tulisomea nini kule Njoro? Tulisomea kilimo. Tulichimba mashimo ya kukagua udongo, tukapima unyevu wa mahindi, tukakamua ng'ombe alfajiri kabla ya chai, tukakariri majina ya magugu na dawa zake. Hatukusomea kuvaa tai. Aliyesomea ualimu akishika chaki, hakuna anayesema maisha yamemrudisha darasani. Aliyesomea udaktari akitibu, hakuna anayemlilia kwamba ameishia hospitalini. Ila aliyesomea kilimo akalima, kanisa zima linamsikitikia. Nani alitufundisha upuuzi huu?

Namjua aliyetufundisha. Lord Maurice Egerton alianzisha shule yake ya kilimo mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima katika nchi hii. Walisoma, wakaenda kulima, wala hatujasikia kwamba walihurumiwa. Bonde la Subukia, iliko Kabazi, likawa na mashamba yao, nao wakaitwa mabwana. Wakati huo huo Mwafrika alikatazwa kupanda kahawa katika sehemu kubwa ya nchi, na mlango huo haukufunguka sawasawa mpaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kilimo cha Mzungu kilikuwa mali, cha Mwafrika kikawa kibarua. Mkoloni akaondoka. Chuo kikatupokea sisi, kikawa chuo kikuu mwaka 1987, na leo kinafundisha hata sheria na udaktari. Lakini ile dharau tumeibeba wenyewe, nzima nzima, mpaka makaburini.

Na watoto tunawarithisha. Pita shuleni uulize mtoto aliyechelewa kufika amepewa adhabu gani. Mara nyingi utaambiwa yuko nyuma ya darasa analima. Aliyepita mtihani anakaa kivulini na kitabu, mtundu anapewa jembe. Mwalimu anayefanya hivyo anafundisha somo ambalo mtoto hatalisahau maisha yake yote, halafu tunashangaa kijana wa Kabazi anapouza robo ekari ya babake anunue bodaboda. Mimi nikipewa mamlaka kwa siku moja, adhabu hiyo ndiyo ningeipiga marufuku kwanza.

Huyu tuliyemzika aliajiriwa na Wizara ya Kilimo kama sisi, maana enzi hizo ukitoka Egerton kazi ilikuwa inakungoja. Miaka ya 1990, serikali iliposhinikizwa na wafadhili kupunguza wafanyakazi, alichukua kiinua mgongo, akastaafu mapema, akanunua mitamba na kurudi kwenye ekari za babake. Wengine tulibaki maofisini tukiandika ripoti kuhusu wakulima. Yeye akawa mkulima.

Ule ugonjwa wa mahindi ulioripotiwa mara ya kwanza Bomet, Septemba 2011, ulipofika upande wetu, watu walichanganyikiwa. Majani machanga yanageuka manjano, yanakauka kuanzia pembeni, mmea unakufa katikati na hindi linaoza kabla ya kukomaa. Majirani walikuwa mbioni kwenda agroveti kununua kila chupa ya dawa waliyoonyeshwa. Yeye alipita shamba kwa shamba. Aling'oa mmea, akaupasua kwa kisu cha mfukoni mbele ya mwenye shamba, akamwambia jambo ambalo muuza dawa hakuwa na haraka ya kulisema: hivi ni virusi, na vikishaingia ndani ya mmea hakuna dawa ya kuviua. Ng'oa. Acha mahindi msimu ujao, weka viazi au maharagwe. Waliomsikiliza walikula. Na mwaka 2024, nchi ilipozizima kwa habari za mbolea feki iliyouzwa kwa jina la ruzuku, hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo ikaishia hewani kule bungeni huku mkulima akibaki na mahindi yaliyodumaa. Siku hizo watu wa Kabazi walimletea magunia yao ayakague kabla ya kupanda. Hawakumpelekea afisa yeyote, walimpelekea huyo ambaye eti maisha hayakumwendea vizuri.

Sasa tazama kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja. Umri wetu ni wa matangazo: huyu amefanyiwa upasuaji wa goti, binti wa yule anatolewa mahari, mwingine kijana wake amehitimu Australia, mwingine ameteuliwa kwenye bodi. Ni habari njema, nami nafurahi nao. Lakini kuna siku huyu tuliyemzika alituma picha ya ndama mapacha, wote majike, wamesimama kwenye nyasi wakiwa bado wamelowa, mkono wake umemshika mmoja shingoni. Sisi ni watu wa kilimo watupu, tunajua pacha majike wawili ni neema ya namna gani kwa mfugaji wa maziwa! Kimya. Jioni hiyo mwingine akatuma picha ya Prado, pongezi na dua zikamiminika hadi usiku wa manane. Prado ya mkopo!

Wanaonipinga wananiambia: lakini hakuwa hata na gari. Hiyo ndiyo hoja yao nzito kuliko zote. Gari la kumpeleka wapi, na kazi yake ilianzia mlangoni pake? Watu wazima wenye wajukuu, waliosomeshwa kwa kodi ya wananchi ili nchi ipate chakula, wanapima uhai wa mtu kwa magurudumu manne. Ni hoja ya kitoto, na inanichosha kuisikia kutoka vinywani mwa wazee.

  

Na wenzangu waliosema amina wamestaafu. Mnajua sasa wanafanya nini? Wanatafuta mashamba. Wamejenga vibanda vya plastiki vya nyanya huko Kitengela na Juja, na simu ya marehemu ilikuwa haipumziki. Mzee, nyanya zangu zinanyauka zikiwa bado mbichi, nifanyeje? Aliwaambia wakate shina, wachovye sehemu iliyokatwa kwenye glasi ya maji safi, watulie kidogo. Wakiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria wa udongoni, wasipande nyanya hapo tena. Aliwaeleza bila malipo, bila kinyongo, kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza kuuliza. Walioambiwa wamefika mbali walikuwa wanampigia simu yule aliyebaki nyuma awaonyeshe njia, kisha wakaja kukaa mbele ya jeneza lake na kukubali kwamba alishindwa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko maneno ya mhubiri, kwa sababu mhubiri hakumjua, sisi tulimjua.

Kamati yetu inaandaa kitabu cha kumbukumbu cha darasa. Rasimu nimeiona: jina, kazi, cheo cha mwisho. Mbele ya jina lake wameandika afisa msaidizi wa kilimo, alistaafu mapema, kana kwamba miaka yote iliyofuata alikuwa amelala. Nimewaandikia kwamba mstari huo ufutwe, iandikwe: mkulima, Kabazi. Mpaka nione ukurasa huo umerekebishwa, mchango wangu wa uchapishaji sitoi.